Karoti za Saa Nne

Mwalimu ulimsikia kabla hujamwona. Alikuwa na meno ya mbele makubwa, yamekaa vizuri, na kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ilipolia, alitoka darasani na karoti mkononi, akaketi kwenye benchi la nje, akaing'ata. Mlio wake ulinifikia mpaka langoni nilikokuwa nikikaanga mandazi, hata mafuta yakiwa yanachemka. Nilijua ananisemesha mimi. Alikuwa akinitangazia vita, na aliitangaza mdomo ukiwa umejaa.

Namwita Mwalimu bila jina kwa sababu Bwera nzima, mji wetu wa Uganda mpakani mwa Kongo, tulimwita hivyo. Walimu wengine walikuwepo, tena wenye vyeti na baiskeli, lakini ukisema Mwalimu sokoni hakuna aliyeuliza yupi. Alitoka ng'ambo, upande wa Butembo. Alivuka mpaka pale Mpondwe miaka ya sitini, wakati watu wa Kongo walipokuwa wakikimbia vurugu za kwao na magodoro vichwani. Habari za huko hakuzisimulia, nami sikumchimba. Alikuja na sanduku, rozari, na mbegu za karoti alizozishonea ndani ya pindo la gauni. Pindo lile alinionyesha mwenyewe. Lilibaki limefumuka miaka yote niliyomjua, ingawa kazi yake shuleni ilikuwa kufundisha wasichana kushona, na watoto wote kulima bustani.

Na mimi? Mimi nilikuwa Mama Zaituni wa mandazi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori kati ya Kasese na Fort Portal, na safari moja alifika Fort Portal akaona hakuna haja ya kurudi. Sikumlilia sana, maana hata alipokuwepo hakuwepo. Aliniachia watoto wanne na karai. Nikatafuta mahali pa kuweka jiko, nikapata kipande kisichozidi mkeka mmoja, kushoto mwa lango la shule, chini ya upenu wa ghala la pamba. Kivuli kilikuwepo, watoto wa shule walipita hapo asubuhi na jioni, na mvua haikunifikia. Kipande kile ndicho kilichotulisha. Anayetaka kuelewa kwa nini Mwalimu alinitia homa aanzie hapo, kwamba nikiondolewa langoni, watoto wangu hawali.

Siku ya kwanza aliyokuja kunisemesha alisimama mbele ya karai, mikono kiunoni, amevaa koti la sufi. Joto la Bwera mnalijua, lakini yeye koti lile hakulivua mpaka saa sita.

"Mama Zaituni," akasema, "batoto banakula mandazi yako saa ine, saa tano beko nalala mu darasa. Juu ya nini?"

"Wanalala juu masomo yako inaleta usingizi, nnyabo," nikamjibu. "Mandazi yangu haijakosea kitu."

Nilitegemea atafoka. Badala yake alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Bon," akasema. "Hiyo iko kweli kidogo." Kisha akaongeza, bila kubadilisha sauti, kwamba angeweza kumwambia hedimasta aniondoe, na hedimasta angekubali. Akaenda zake. Usiku ule sikulala.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Jibu zuri alilipenda hata likimchoma yeye, na kitisho alikitoa kwa upole kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Nilimchukia mwaka mzima, na mwaka huo huo nilikuwa nikimngojea kila asubuhi nione atasema nini.

Tatizo lake Mwalimu lilikuwa hili. Watoto wengi wa shule ile walitelemka kutoka milima ya Karambi, wakitoka nyumbani gizani na tumbo tupu, au na kipande cha muhogo cha jana. Mpaka saa nne njaa imewakamata. Wenye senti walikuja kwangu. Wasio na senti walisimama ukutani wakiangalia wenzao wakitafuna, na kule kuangalia ndiko kulikomkera kuliko usingizi. Alitaka kila mtoto awe na kitu cha kutafuna saa ile, kitoke bustanini, kisihitaji moto wala sahani wala senti. Kwa hiyo mboga. Lakini si mboga ya sufuria. Mboga ya mkononi.

Alijitafutia kazi! Bwera tulikuwa watu wa kila aina, Wakonzo wa pale, sisi Waislamu wa biashara na malori, Wakongo Wakatoliki waliovuka na vitenge na vitunguu. Tuligombana kwa mengi, ila mambo mawili tulikubaliana wote. Mtu mwenye adabu hali akiwa amesimama njiani, na kitu kibichi kinachotoka ardhini ni chakula cha mbuzi. Matunda sawa, hayo yanatoka juu. Lakini ung'oe kitu udongoni, ukitie mdomoni bila kukipitisha kwenye moto? Watu walisema yule mama wa Kongo amepata mshtuko wa vita.

La kusimama alilimaliza kwa mabenchi. Alimwomba fundi wa parokia mbao za kutupa, akapanga mabenchi chini ya ukuta wa darasa, na sheria ikawa moja, hakuna kutafuna bila kuketi. "Ikala kwanza," alisema kwa kila mtu, mtoto au mkubwa. Mtoto aliyeketi na karoti alionekana ana adabu zaidi ya aliyesimama na mandazi yangu, na hiyo nayo ilinikera.

La ubichi lilichukua muda. Watoto walipokea karoti kwa mikono miwili, wakasema asante, wakazificha majanini nyuma ya choo. Nilizikuta huko mwenyewe na nikafurahi sana. Nilimpelekea habari mbio. Hakushtuka.

"Mi sikamatake mutoto kwa nguvu afungue kinywa," akasema. "Minakula yangu tu. Yeye atachoka kuniangalia."

Na aliendelea kuila yake kila saa nne, kwa kelele, macho yamefumba, kama mtu anayekula nundu ya ng'ombe siku ya Idi. Sijui ni wiki ngapi. Ninachokijua ni kwamba jioni moja Zaituni wangu, binti wa mkaanga mandazi, aliyeweza kula mandazi bure mpaka ashindwe, alirudi nyumbani na kipande cha karoti kimekwama kwenye pengo la jino. Nilimuuliza kama amelogwa. Akasema, "Mama, inalia mudomoni!" Nikajua nimeshapigwa ndani ya nyumba yangu.

Sasa niwape kisa cha majani, ambacho Mwalimu mwenyewe alipenda kukisimulia, na alikisimulia tofauti kila mara. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo chukueni changu. Alipoona watoto wamezoea, aligawa mbegu. Kila mtoto wa Karambi alipeleka nyumbani mbegu kidogo ndani ya jani la mgomba, na maneno kwamba hii ni mboga. Wamama wakapanda, wakapalilia, zikaota vizuri. Sasa kwetu mboga ni majani. Ni sombe ya majani ya muhogo, ni dodo, yaani mchicha, ni majani ya maboga na ya kunde. Kwa hiyo wamama wakakata yale majani mazuri yenye manyoya manyoya, wakayatwanga, wakayapika na karanga, na mizizi wakawarushia mbuzi.

Akaja mama mmoja kwa niaba ya wenzake, ametembea asubuhi yote, akamkuta Mwalimu langoni mbele yangu. Alikasirika kwelikweli. Alisema mboga yako ni chungu, haiivi, na ina mzizi mnene unaozuia jembe. Mbuzi tu ndio wameshukuru.

Mwalimu aliketi chini, palepale vumbini na koti lake la sufi, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Yule mama akazidi kukasirika. Mimi nilidhani sasa patapigwa mtu. Lakini Mwalimu alipomaliza kucheka alimshika mkono, akamwuliza, "Majani mulipika namna gani? Mulitia chumvi mbele ao nyuma?" Akataka kujua yote. Jumamosi ile alipanda mwenyewe mpaka Karambi, akala yale majani na karanga nyumbani kwa yule mama, ndipo akatoa karoti mfukoni, akaing'ata mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo Karambi walikula juu na chini, na mbuzi wakarudi kwenye nyasi. Mwalimu naye majani yale aliyaingiza kwenye masomo yake, na aliwaambia watoto wazi kwamba amefundishwa na mama wa Karambi.

Siri zake za mikono nilizijua zote, maana nilizichungulia kama jasusi. Kwenye kona ya darasa aliweka mtungi wa maji yaliyochemshwa yakapoa. Asubuhi alimenya karoti, akazikata urefu wa kidole, akazizamisha humo, na saa nne zilitoka baridi, ngumu, zinang'aa. Karoti iliyonyauka jana ukiitia humo inafufuka. Matango aliyapasua mara nne kwa urefu, akayapaka chumvi na pilipili kidogo. Ntula, zile nyanya chungu ndogo nyeupe, aliwapa watoto wakubwa walioona fahari kuvumilia uchungu. Maharagwe ya maganda aliyatumbukiza kwenye maji yanayochemka, akayatoa kabla hujamaliza kusema Baba Yetu. Boga alilipika jioni ndani ya majani ya mgomba na kulileta limepoa, vipande vipande, na ganda lake likiwa ndiyo sahani. Na alisaga karanga na nyanya na chumvi, ikawa rojo nzito kwenye bakuli. Watoto walichovya humo vidole vya karoti, na aliyechovya mara mbili kipande kimoja alifukuzwa benchini kwa kelele za wenzake.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa moyo wa kabichi. Mnajua kile kikonyo kigumu cha katikati ambacho mpishi anakitupa? Mwalimu alikimenya mpaka kikabaki cheupe, akakikata, akakitoa kama zawadi kwa aliyepata hesabu zote. Ni kitamu, kina maji, kinavunjika kama muwa. Niliwaona watoto wakigombania takataka ya jikoni, na watoto wa daktari mmoja wa Kilembe waliokuja likizo wakalia kwa sababu hawakupewa.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Chai yake ilikuwa sukari iliyotiwa majani ya chai. Alimwogopa ng'ombe. Wasongora wakipitisha mifugo barabarani alijifungia ofisini kwa hedimasta mpaka vumbi litulie. Fimbo aliitumia, na alichapa vizuri. Alisali kwa sauti na alitukana kwa Kifaransa, akidhani Mungu anasikia Kiswahili tu. Na Jumapili, akitoka misa, huyu adui yangu alikuja moja kwa moja kwenye karai, akachagua mandazi makubwa kuliko yote, akaketi, akayala polepole mpaka mafuta yakamshuka kiwikoni.

Mara ya kwanza nilimwuliza kama haoni haya.

"Siko na vita na mandazi," akasema, akilamba kidole. "Niko na vita na mandazi ya saa ine. Hii iko mandazi ya Mungu. Ongeza ingine."

Kwa hedimasta hakwenda kunisemea. Nilikuja kujua baadaye kwamba hedimasta mwenyewe ndiye aliyemwuliza kama aniondoe, naye Mwalimu alimjibu kwamba mama yule ana watoto wanne na akiondoka watalala njaa, sasa wanne hao utawalisha weye? Haya aliniambia mfagizi wa shule. Mwalimu mwenyewe hakunitajia kamwe, na nilipomshukuru alijifanya hajui ninasema nini.

Halafu ikaja miaka ya sabini, mkubwa wa jeshi akitawala Kampala, miaka ambayo hata sijui niisimulieje bila kukasirika. Sukari ikapotea. Unga wa ngano ukapotea. Mafuta, sabuni, vyote vikawa vya magendo, vikipita usiku mikononi mwa watu wenye bunduki. Karai langu likakauka. Nilijaribu kabalagala, chapati ndogo za ndizi na unga wa muhogo, bila sukari, na mafuta machache ya mawese kutoka Kongo. Watoto walizila kwa huruma. Mwisho nilikuwa nakwenda langoni na jiko baridi, nakaa tu, kwa sababu niliogopa kwamba siku nikikosekana mtu mwingine atakikalia kile kipande.

Mwalimu aliniona hivyo kwa muda. Asubuhi moja akaja na beseni kichwani, akalitua mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na karoti na matango kutoka kwa wafanyabiashara wa Butembo, na kisu.

"Peleka karai nyumbani," akasema.

"Niuze majani ya mbuzi?" nikamwambia. "Watu watanicheka, Mwalimu."

"Banakucheka sasa, uko nauza jiko. Ikala, nikuonyeshe."

Nilikaa. Alinionyesha unene wa kipande, namna ya kushika kisu, kiasi cha chumvi, mtungi. Wiki nzima alikuja kabla ya kengele na kunisimamia, akinisahihisha mbele ya wapita njia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Unene hivi ni ya nani, ya tembo?" Nililia kwa hasira, jamani, mtu mzima mimi. Lakini watu wa malori waliosimama pale, waliozoea mandazi yangu na sasa hawana cha kutia mdomoni, walijaribu tango la chumvi na pilipili wakarudi siku ya pili. Dereva mmoja akaniambia tango humweka macho kuliko chai. Wapita njia wakaanza kusimama, wakaketi, wakatafuna. Watoto wangu walikula miaka ile mibaya yote, na walikula kwa beseni lile. Nilimpenda Mwalimu kuanzia hapo, na sioni haya kusema.

Wanajeshi wa mpakani walikuja mara moja. Ilitoka amri, sijui ya nani, kwamba wauzaji wote wa kando ya barabara waondolewe. Afande mmoja alikuja na vijana wake, akapiga teke vibanda vya chini, vya viatu na vya nyanya, kisha akafika kwangu.

"Nani anauza hapa? Toa takataka hii! Haraka!"

Niliinuka kigodani, nikashika ukingo wa beseni. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la tatu. Huyu mtu aliyekimbia ng'ombe alivuka uwanja mzima na koti lake, akaja akasimama kati ya buti la afande na beseni langu.

"Afande, jambo. Huyu mama ni wa shule," akasema. "Iko nafundisha batoto bustani na masoko. Hii njo somo."

Lilikuwa jambo la uongo kabisa, na alilisema na rozari shingoni. Afande akamwangalia. Akainama, akachukua kipande cha tango, akakipeleka mdomoni.

"Ikala kwanza," Mwalimu akamwambia.

Nilifumba macho. Nilisikia upepo, nilisikia mtoto akikohoa darasani. Nilipofumbua, afande alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, bunduki magotini, anatafuna. Alimaliza, akachukua kingine, akauliza kama pilipili ipo zaidi. Kisha akaondoka na vijana wake, akavipiga teke vibanda vya upande wa pili. Mwalimu aliketi palepale alipoketi afande, akaikalia mikono yake.

Mwaka uliofuata alikuja hedimasta mpya. Mtu mpole, sina ubaya naye. Alikagua walimu wake akakuta kwamba Mwalimu hana cheti cha nchi hii, na wa ng'ambo asiye na cheti hakuruhusiwa tena kufundisha. Alimwambia kwa heshima, ofisini, mlango umefungwa. Bustani ilikuwa ya shule, ikabaki ya shule. Chumba alichokaa kilikuwa cha shule. Alifunga sanduku lake, akaja kuniaga langoni kana kwamba anakwenda sokoni, akasema ana watu wake Kitswamba, atalima kwao. Nilimpa kitenge. Akakataa, halafu akakichukua.

Saa nne ya siku iliyofuata kengele ililia na benchi likawa tupu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa mlio kiasi hicho.

Vita ya kumwondoa mkubwa yule wa Kampala ikaja, ikapita, wanajeshi wakakimbia kuelekea mpakani wakiacha buti njiani, na shule ikafunguliwa tena. Siku moja, baada ya mvua za kwanza, nilikuwa nimeketi mahali pangu nikimenya, nikaona mwanamke amesimama ng'ambo ya barabara, upande wa jua, karibu na mapipa ya mafuta. Ana beseni chini. Amekonda. Koti lilikuwa lilelile, ila sasa lilimzidi.

Sikumwita mara moja. Nilidhani anapita. Kengele ikalia, watoto wakatoka, na wakubwa wakamtambua. Wakakimbia kuvuka barabara, wakasimama mbele yake kwa mstari, wakasema kwa pamoja, "Good morning, Mwalimu!" Akawajibu. Wakabaki wamesimama. Mmoja alikuwa na senti kwenye kiganja, nikaona anakifumba. Nani atampa Mwalimu wake senti mkononi kama mpita njia wa sokoni? Kwetu hakuna mtoto wa kufanya hivyo. Waliinama kidogo, wakarudi nyuma polepole, wakavuka barabara, wakaja kununua kwangu.

Ikawa hivyo siku hiyo, na iliyofuata. Walimsalimia vizuri, kwa heshima yote, na hawakununua kitu. Jioni alibeba beseni lake limejaa, karoti zimelegea kwa jua. Kuvuka kuja upande wangu hakuvuka. Alinipungia mkono tu, nami nikampungia, na nyumbani nilishindwa kula.

Siku ya tatu niliacha beseni langu, nikavuka mimi.

"Mwalimu, unafanya nini huku kwa jua?"

"Kitswamba mwenye shamba alikufa," akasema. "Batoto yake baliuza. Sasa niko nauza kidogo."

"Unauza nini, hakuna mtu inanunua. Njoo pale."

Akaliangalia ghala, upenu, kivuli, mkeka wangu. Alipaangalia kwa muda mrefu.

"Pale ni pako," akasema. "Ni kidogo. Mi nilikuwa nataka kukutosha pale, unajua ile."

"Najua. Ulitaka kuniondoa."

"Sikuje kukutosha mara ya pili."

Nilipaswa kusema maneno mazuri, lakini nilikuwa nimekasirika, nimekasirikia jua, nimekasirikia mapipa, na cheti, na watoto wenye adabu nyingi. Nilijitwika beseni lake kichwani, nikavuka. Ikabidi anifuate. Nikasogeza mkeka, nikasogeza mtungi, nikamimina karoti zake juu ya zangu, zikachanganyika, hakuna tena wa kuzitenga.

"Watoto hawawezi kukupa pesa wewe," nikamwambia. "Uliwachapa sana. Mimi nitauza. Wewe kata."

Akaketi nyuma yangu, mgongo kwenye ukuta wa ghala. Akakata. Mtoto wa kwanza alikuja, akamsalimia Mwalimu, akanipa mimi senti, akachukua kipande alichokata yeye. Halafu wa pili. Halafu wakawa wengi, kazi ikawa kubwa. Nilipogeuka kuchukua chumvi nilimkuta amejifunika uso kwa kitenge nilichompa siku ile, anajifuta, na mkono mwingine bado umeshika karoti. Nikajifanya natafuta chumvi.

Jua lilipoinama beseni lilikuwa tupu. Nilimimina maji ya mtungi, nikakunja mkeka. Mwalimu alisimama, akajipangusa maganda kwenye koti. Mtu huyu aliyewaambia watu wa Bwera nzima lini waje na lini waketi, akasimama mbele yangu na beseni lake mkononi.

"Kesho nikuje saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa mbili," nikamwambia. "Na uje na kisu chako, hiki changu hakikati."